Ahadi ni Deni: Kauli ya Kiongozi katika Kumbukumbu za Vita vya Fizi, 1965

Katika kuhakiki hotuba za viongozi, wanafunzi wetu wamezoea kuanza na fani: uteuzi wa msamiati, takriri, tashbihi na methali. Kisha huhitimisha kwamba hotuba hiyo “iliwahamasisha wananchi”. Hitimisho hilo aghalabu halithibitishwi, kwa kuwa sauti ya hadhira haimo katika uchambuzi. Makala haya yanadai kwamba nguvu ya kauli ya kutia moyo haitokani na maneno peke yake. Hutegemea pia uwezo wa msikilizaji wa kumwona msemaji, kumwelewa, na kumdai alichoahidi. Mfano wetu ni kumbukumbu za Ernesto Che Guevara kuhusu vita vya mwaka 1965 katika eneo la Fizi na Baraka, Kivu ya Kusini.

Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma mwezi Aprili 1965 akafika Kibamba. Wakuba walitumia nambari za Kiswahili kuwa majina yao ya siri: Víctor Dreke aliitwa Moja, José María Martínez Tamayo aliitwa Mbili, na Guevara, aliyetambulishwa kuwa daktari na mkalimani, aliitwa Tatu. Kiswahili alianza kufundishwa huko huko na kijana Mkongo, Freddy Ilanga. Aliondoka Novemba mwaka huo huo, akaandika kumbukumbu zake Dar es Salaam. Zilichapishwa kwa ukamilifu zaidi ya miaka 30 baadaye.

Suala la kwanza ni uwepo wa msemaji. Laurent Kabila, aliyetarajiwa kuongoza mapambano, alisubiriwa kwa muda mrefu kambini. Alipofika Julai, mambo yalibadilika. Guevara mwenyewe anakiri kwamba Kabila alijua kuzungumza na watu wake, kazi ikachangamka. Baada ya siku chache Kabila akarudi Kigoma, na ari ile ikazimika mara moja. Ufasaha wake haukuwa umepungua. Kilichoondoka ni mtu wa kudaiwa. Katika mazingira hayo, “ahadi ni deni” haikuwa methali ya kupambia hotuba. Ilikuwa kipimo ambacho wapiganaji walikitumia kila siku.

Suala la pili ni lugha. Guevara anasimulia jinsi alivyowakemea wapiganaji kwa Kifaransa, akiwa na hasira, kwamba angewavika sketi na kuwabebesha muhogo kwa vikapu kama wanawake. Mkalimani alipoifikisha karipio hilo kwa Kiswahili, walimtazama wakacheka. Mwandishi anakichukua kicheko hicho kuwa dalili ya ujinga usio na hila. Hapa hatukubaliani naye. Hasira iliyopita kinywani mwa mtu mwingine hupoteza sauti na uso wake, ikabaki maelezo tu. Zaidi ya hayo, muhogo ndio uliokuwa chakula cha vita vile. Kumtukana mtu kwa kumlinganisha na mbebaji wa chakula anachokula ni kumpa sababu ya kucheka.

Majibu ya wapiganaji yana ufasaha wake. Walipotakiwa kubeba mizigo kupanda mlimani, walisema wao si malori; baadaye wakasema wao si Wakuba. Kauli ya pili inajenga juu ya ya kwanza kwa takriri, nayo ni kejeli kali: mgeni aliyejitwika mzigo ili awe mfano, mfano wake umegeuzwa kuwa kazi ya kabila lake. Mhakiki anayeitazama hotuba ya kiongozi tu hawezi kuiona sanaa hii.

Suala la tatu ni dawa. Wapiganaji waliamini kwamba dawa ya mganga ingewakinga dhidi ya risasi, mradi wasiibe, wasiguse mwanamke na wasiogope. Kwa mtazamo wa kifasihi, masharti hayo ni hotuba ya kutia moyo iliyokamilika, na kweli ilitia moyo. Lakini ilikuwa ahadi isiyodaika: mpiganaji akianguka, kosa lilikuwa lake, maana aliogopa. Ndiyo kasoro ya kila kauli ya uongozi inayomwachia msikilizaji lawama yote na kumwachia msemaji sifa yote.

Sifa kubwa ya kitabu cha Guevara ni kwamba kinahifadhi ushahidi dhidi ya mwandishi wake. Hakifichi kushindwa, hakifichi kicheko. Udhaifu wake ni kwamba mara nyingi kinaeleza kushindwa huko kwa upungufu wa nidhamu ya wasikilizaji, kabla ya kuuliza walikuwa wakiambiwa nini, na nani, na kwa lugha gani.

Swali hilo halikuisha mwaka 1965. Mwaka 1967 Kabila aliunda chama cha PRP katika milima hiyo hiyo ya Fizi, na mwaka 1997 akawa Rais wa nchi. Wakazi wa Fizi na Baraka wamesikia kauli nyingi za kutia moyo, na gharama za nyingi kati yake wamezilipa wao. Uhakiki wa hotuba unaostahili kufundishwa vyuoni hauna budi kuanzia kwao: walisikia nini, walijibu nini, na ni nani aliyebaki nao baada ya hotuba kwisha.