Gazeti Lililochanika: Kumsoma Alfred Wegener Nikiwa na Deni la Shangazi

Machi 2018 niliandika kichwa cha habari ambacho mpaka leo kinanifuata: Afrika yaanza kupasuka. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha, ardhi karibu na Suswa ikafunguka, barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok ikakatika, na picha za ule mwanya zikazunguka dunia nzima. Nilipiga simu mbili, nikasoma ukurasa mmoja kuhusu Bonde la Ufa, nikaandika. Ilisomwa kuliko chochote nilichowahi kuandika. Wiki chache baadaye shangazi yangu akaniambia ameuza ploti yake ya Mai Mahiu kwa bei ya kutupa. "Si wewe uliandika bara linagawanyika? Ningebaki nayo ya nini?"

Nimeanza na hilo ili mjue ninakisoma kitabu hiki nikiwa nani. Kitabu chenyewe ni Die Entstehung der Kontinente und Ozeane, yaani chanzo cha mabara na bahari, cha Mjerumani Alfred Wegener. Kilitoka 1915, katikati ya vita, na mwandishi akaendelea kukiandika upya mpaka toleo la nne la 1929. Nimesoma tafsiri ya Kiingereza ya toleo hilo. Kwamba mabara yanasogea, hilo lilishaamuliwa zamani, halina haja ya maoni yangu. Ninachotaka kujua ni kitu cha kisomaji zaidi: Wegener anatushawishi vipi, na pale anaposhindwa, anashindwa kwa sababu gani?

Kwanza, hakuwa mwanajiolojia. Alikuwa mtaalamu wa hali ya hewa, mtu wa kupaa kwa puto na kutembea juu ya barafu ya Greenland, ambako alifia mwaka 1930. Ugeni huo unasikika katika kila sura. Anaandika kama mtu aliyeingia nyumba ya watu akakuta mafundi wanne wanagombana, kila mmoja na chumba chake, na hakuna aliyewahi kutoka nje kuitazama nyumba nzima. Mtaalamu wa visukuku anajua kwamba mtambaazi mdogo wa majini, Mesosaurus, anapatikana kusini mwa Afrika na Amerika ya Kusini tu. Mtaalamu wa miamba anajua kwamba milima iliyokunjamana ya Rasi, Afrika Kusini, inafanana na ile iliyo kusini mwa jimbo la Buenos Aires. Mtaalamu wa tabianchi anajua kwamba barafu iliwahi kukwangua miamba ya India, nchi ya joto. Wegener anawakalisha meza moja.

Halafu, katika sura ya tano, anatoa mfano uliofanya nikiweke kitabu chini kwa muda. Ni kama kuunganisha vipande vya gazeti lililochanika, anasema. Kwanza unalinganisha kingo. Zikishakaa sawa unaangalia kama mistari ya maandishi inapita kutoka kipande kimoja hadi kingine bila kukatika. Mstari mmoja ukipita, unaanza kuamini. Ikipita mingi, basi hivyo vipande vilikuwa karatasi moja.

Mimi ni mtu wa magazeti. Mfano huo ulinichoma. Kwa sababu kingo ndizo kila mtu huziona: hata mtoto wa darasa la nne akitazama ramani huona kwamba bega la Brazili linaingia kwenye kwapa la Afrika. Wapo walioliona hilo kabla ya Wegener. Alichoongeza yeye ni kusoma mistari. Na mimi, mbele ya mwanya wa Suswa, nililinganisha kingo tu. Kuna mwanya, kuna Bonde la Ufa, vyote viko mahali pamoja, basi mwanya ndio ufa. Sikusoma hata mstari mmoja.

Lakini kitabu hiki kina kasoro, na mhakiki asiyezitaja atakuwa anaimba sifa tu. Kubwa kuliko zote ni mpangilio. Ushahidi wake dhaifu kabisa ameuweka mbele, katika sura ya tatu: vipimo vya longitudo vinavyodai kwamba Greenland inasogea kwa mita kadhaa, hata makumi ya mita, kila mwaka. Leo tunajua kwamba bahari ile inapanuka kwa takriban sentimita 2 kwa mwaka. Yaani alikosea kupita kiasi, tena mlangoni. Msomaji mwenye shaka anajikwaa hapo, na hafiki kwenye gazeti lililochanika.

Kasoro ya pili ni ile iliyomponza zaidi: nini kinayasukuma mabara? Wegener anataja nguvu itokanayo na kuzunguka kwa dunia, anataja mvuto wa mwezi na jua, na wakosoaji wakapiga hesabu wakaonyesha kwamba nguvu hizo ni hafifu mno. Hata hivyo katika sura ya tisa ana unyofu ninaouheshimu: anakiri kwamba wa kulieleza hilo bado hajatokea. Kumbe wakati huohuo alikuwapo Mwingereza, Arthur Holmes, ambaye 1911 alikuwa Msumbiji akitafuta madini na kuuguzwa na malaria. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Holmes alipendekeza kwamba miamba ya moto chini yetu husogea kwa mikondo ya polepole, kama uji mzito jikoni. Miaka ya 1950 Marie Tharp, akichora ramani ya sakafu ya Atlantiki, akaona bonde limekaa katikati ya safu ya milima iliyo chini ya maji. Miaka ya 1960 mambo yakakamilika: mabara hayalimi bahari kama jembe, alivyowaza Wegener. Bara na sakafu ya bahari hubebwa pamoja juu ya mabamba makubwa.

Tatizo jingine si lake, ni la watafsiri, nalo linatuhusu sisi wa Kiswahili. Neno lake la Kijerumani, Verschiebung, ni kusogezwa tu, kama unavyosogeza kabati. Kiingereza kikachagua neno la kuelea, na toka hapo watu wakaona mabara kama mitumbwi. Sisi tuna kusogea, kutanuka, kuachana, kupasuka. Mimi nilichagua kupasuka. Kibuyu hupasuka, tena mara moja, na kikishapasuka basi. Bonde la Ufa limekuwa likitanuka kwa mamilioni ya miaka. Kitenzi kimoja tu, na shangazi akauza ploti.

Wegener anaizungumzia Afrika Mashariki pia, akiyatazama mabonde yetu kama hatua za mwanzo za bara kuachana. Katika hilo alikuwa karibu na ukweli. Upande wa Somalia unajitenga na sehemu kubwa ya Afrika kwa milimita chache kwa mwaka. Tufanye ni 5. Ploti ya shangazi ilikuwa na urefu wa mita 30. Ili upande mmoja wa bonde usogee urefu wa ploti ile ingechukua miaka 6,000, na mwendo huo wenyewe umetawanyika katika upana wa bonde zima.

Hapa lakini naomba tusikimbilie upande wa pili, kama tulivyofanya baadaye kwenye vyombo vya habari: "Kumbe ni mvua tu, lala salama." Mabamba huenda polepole, ila hayaendi sawasawa. Septemba 2005, huko Dabbahu, Ethiopia, ardhi ilifunguka kwa mita kadhaa katika siku chache, kwenye mstari wa kilomita 60 hivi. Julai 2007 mitetemeko ya kule Ol Doinyo Lengai, Tanzania, iliwatoa watu maofisini Nairobi. Na kule Suswa, wanajiolojia wengi walisema maji yalikuwa yamezoa majivu laini ya volkano yaliyofukia nyufa za zamani. Maji, jamani. Huo ndio mstari uliokuwa ukipita katika vipande vyote, na ndio nilioruka.

Aprili 2024 maji yalishuka Mai Mahiu usiku, yakaua watu zaidi ya 40. Ploti ya shangazi iko juu kwenye mwinuko, haikuguswa. Aliyeinunua amejenga vyumba vya kupangisha. Sisemi kwamba habari yangu ya 2018 ingeokoa mtu. Nasema kwamba nilikuwa na wasomaji wengi kuliko siku yoyote, wakiwa wameitazama Mai Mahiu, na nikawaelekeza kwenye jambo la miaka milioni kadhaa ijayo badala ya korongo lililo nyuma ya nyumba zao.

Juzi nilimsomea shangazi lile fungu la gazeti, nikilitafsiri kwa mdomo. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Na huyo Mjerumani, aliposema hiyo Greenland inakimbia, kuna mtu aliuza shamba?"

Nikasema sidhani.

"Basi yeye alibahatika."

Kisomeni. Kina michoro mizuri, na hoja zake nyingi zinafuatika hata kama fizikia ulimwachia mwalimu. Ushauri wangu ni mmoja: anzeni na sura ya tano, mmalize ya sita na ya saba, ndipo mrudi kwenye ya tatu mkiwa mmeshamjua mwandishi kiasi cha kumsamehe.