Neno Moja kwa Kazi Tatu

Neno "kurekebisha" tumelitwisha mzigo mno. Wapendao kushughulikia misumeno ya mnyororo ya zamani, kama Stihl Contra iliyotoka Ujerumani mwaka 1959, hufanya kazi tatu: hutengeneza kilichoharibika, huseti kabureta, na hugeuza muundo wa injini ili kuiongezea nguvu. Mfasiri akiziita zote "kurekebisha", humpotosha msomaji. Apanuaye tundu la kutolea moshi amegeuza injini. Asipoiseti upya kabureta ili ipitishe petroli zaidi, injini hupata joto kupita kiasi na pistoni hukwaruzika. Kwa maoni yetu, "kutengeneza", "kuseti" na "kugeuza" zitenganishwe. Mafundi wa gereji husema "kuseti" siku zote. Hatuoni sababu ya kulikataa neno hilo.