Kabla Kisu Hakijashuka

Mgonjwa amelala mezani, dawa ya usingizi imeshamkolea, tumbo limepakwa iodini. Daktari ana kisu mkononi lakini hakati. Kila aliyemo chumbani anataja jina na kazi yake. Muuguzi anauliza kwa sauti: Huyu ni nani? Tunapasua nini, upande gani? Antibiotiki imetolewa ndani ya dakika 60 zilizopita? Swali hilo la mwisho lina uzito wake, kwa sababu dawa inatakiwa iwe imeshafika kwenye nyama wakati ngozi inapofunguliwa. Wakishajibu, ndipo wanaanza.

Maswali haya yanatoka kwenye orodha ya ukaguzi ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa mwaka 2008, na kikosi kilichoiandaa kiliongozwa na Atul Gawande, mpasuaji wa Boston. Ni karatasi moja yenye vipengele 19, inayosomwa mara tatu: kabla ya usingizi, kabla ya kukata, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani, gozi na sindano zikiwa zimeshahesabiwa. Ilijaribiwa katika hospitali 8, zikiwemo za London, Seattle na Ifakara yetu, bonde la Kilombero. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7.

Miongoni mwa vifaa vilivyotajwa humo ni oksimita, kile kibanio cha kidoleni. Hupitisha mwanga mwekundu na wa infraredi, na damu yenye oksijeni hunyonya miale hiyo tofauti na damu iliyopungukiwa. Oksijeni ikishuka, mlio wa mashine nao huzidi kuwa mzito, hivyo mtaalamu wa usingizi husikia hatari kabla midomo ya mgonjwa haijabadilika rangi. Kwangu mimi, chumba cha upasuaji kisicho na oksimita hakijakamilika.

Lakini huko Ontario, Kanada, utafiti wa mwaka 2014 katika hospitali 101 zilizoagizwa kutumia orodha hiyo haukuona vifo vikipungua kwa kiwango cha maana. Naamini tatizo ni alama za vema zinazojazwa bila watu kusemezana. Muuguzi mdogo akiogopa kumwambia bingwa "subiri," karatasi haina kazi.

Nawe msomaji, siku ukienda kupasuliwa ukaulizwa jina lako kwa mara ya tatu, usikasirike. Jibu, na uwaonyeshe upande unaouma.