Melbourne ni ipi? Kusoma mabaki yaliyo nyuma ya picha



Juzi nilikuwa nimekaa mbele ya nyumba ya kuchaji simu hapa Kasongo. Filamu nimeisimamisha kwenye simu, picha nimeikuza mpaka imebaki madoa. Rafiki yangu mmoja, tumemaliza naye masomo mwaka mmoja, akachungulia juu ya bega langu. "Wee, na lisansi yote ile, unaangalia vyuma vya kuvunjika? Batu hauwaone?" Nikamwambia watu ndio ninaowatafuta. Hakunielewa, na kusema kweli sikumweleza vizuri. Naandika hii kwa sababu yake.

Picha yenyewe inatoka Star Trek: The Next Generation, sehemu ya pili ya "The Best of Both Worlds", iliyoonyeshwa Marekani mara ya kwanza tarehe 24 Septemba 1990. Wengi wetu tuliijua kwa Kifaransa, kwenye diski zilizopita mikono mingi mpaka zikaanza kurukaruka. Kwa asiyeijua: adui anayeitwa Borg anakuja kuelekea Dunia na chombo kimoja tu, chenye umbo la sanduku. Vyombo 40 vinajipanga kumzuia mahali panapoitwa Wolf 359. Enterprise, chombo cha wahusika wetu, kinachelewa. Kinapofika vita vimekwisha, 39 vimekufa. Vita vyenyewe hatuvioni hata kidogo. Tunaona mabaki yakielea gizani kwa sekunde chache, na afisa Shelby anataja majina matatu: Tolstoy, Kyushu, Melbourne. Basi.

Mimi nasema hiyo ndiyo picha bora ya mfululizo wote. Na najua kwamba imekuwa bora kwa sababu pesa hazikutosha. Vita vya vyombo 40 vingegharimu sana, kwa hiyo walituletea kaburi. Sisi watu wa njia ya Kabambare tunajua namna hiyo ya kupata habari: hukuwapo, unafika nyuma, unasoma kilichobaki.

Sasa, vyombo vile havikuwapo dukani wala studio. Mfululizo ulikuwa na modeli chache nzuri, na nani angekubali kuchoma modeli nzuri? Mafundi kama Greg Jein na Ed Miarecki, pamoja na mchoraji Michael Okuda, walichukua vipande vya plastiki vya kuunganisha, vile vinavyouzwa kwa watu wanaopenda kujijengea Enterprise mezani. Wakakata, wakageuza, wakagundisha. Sahani ya chombo hiki, shingo ya kile, tumbo limepinduliwa. Pale kipande kilipokosekana walichukua kalamu. Sifanyi mzaha. Kyushu imebeba mizigo mitatu, miwili juu ya sahani na mmoja chini ya tumbo, na mizigo hiyo ni kalamu za markeri, zile za wino wa kung'aa tunazopigia mistari kwenye silabi usiku wa kuamkia mtihani. Injini za Ahwahnee nazo ni markeri. Kisha wakavitoboa vyote, wakaviunguza, wakaviweka nyuma.

Kalamu ilitosha kwa sababu ya televisheni ya wakati ule. Mfululizo ulipigwa kwenye filamu nzuri, lakini ukaunganishwa kwenye mkanda wa video, na video ya 1990 ilikuwa inakula kila kitu kidogo. Fundi alijua macho ya mtazamaji yataishia wapi. Asichokijua ni kwamba miaka 23 baadaye watarudi kwenye filamu ileile ya mwanzo, waisafishe, na mwaka 2013 msimu huo utoke tena kwenye diski safi. Kalamu ikaanza kuonekana.

Lakini watu hawakungoja 2013. Walianza na mikanda yao ya video, wakisimamisha picha inayotetemeka. Kitu cha kwanza walichohesabu ni injini. Chombo cha kawaida cha Star Trek kina injini ndefu mbili, moja kila upande. Firebrand ina moja tu. Princeton tatu. Ahwahnee nne. Hata picha ikiwa mbaya namna gani, mpaka nne unaweza kuhesabu. Alafu mwaka 1994 kikatoka kitabu kikubwa, Star Trek Encyclopedia, cha Michael na Denise Okuda pamoja na Debbie Mirek, na vyombo vikapata ukoo: Firebrand ni aina ya Freedom, Princeton ni Niagara, Ahwahnee ni Cheyenne, Kyushu ni New Orleans, Buran ni Challenger, Chekov ni Springfield.

Hapa ndipo ninapogombana na wapenzi wenzangu. Wengi wanaanza na jina la kitabu, wanashuka nalo mpaka kwenye picha. Wakishajua ni "New Orleans", wanaanza kubishana: mizigo ile mitatu imebeba nini, silaha au vyombo vya kupimia? Nimesoma hoja ndefu, zenye tarakimu. Kalamu haina jibu la swali hilo. Mimi naona mtu aanze na kipande. Sahani hii imetoka kwenye plastiki gani? Plastiki ya Enterprise iliuzwa kwa vipimo zaidi ya kimoja, kwa hiyo sahani mbili zenye umbo moja zinaweza kuwa kubwa na ndogo, na usipoangalia safu za madirisha utatoa urefu wa chombo ambao hauna maana. Aliyegundisha alifuata kitu gani? Alikuwa na muda kiasi gani? Hayo maswali yana majibu. Na yanamrudisha fundi kwenye hadithi, wakati majina ya kitabu yanamfukuza.

Jicho hili sikulipata chuoni. Nililipata kwa yaya, mkubwa wangu, aliyekuwa kijana wa garaji. Mnajua kamioni za huku. Hakuna iliyo yenyewe tangu mwanzo mpaka mwisho. Kabini ya moja, shasi ya nyingine, sanduku la nyuma limejengwa upya kwa mbao, tangi la mafuta limetoka kwenye kitu ambacho hata si gari. Yaya alikuwa anasimama kando ya barabara na kuzitaja vipande vipande kama mtu anayetaja ukoo: mama wa huku, baba wa kule, mjomba amekopeshwa.

Lakini kipande nacho kina uongo wake, na mfano haupo mbali. Mwaka 1977 na 1978, kaskazini ya Shaba, kwenye uwanda ulio juu ya mto Luvua, kampuni ya Wajerumani iitwayo OTRAG, ya mhandisi Lutz Kayser, ilikuwa ikirusha roketi. Ndiyo, roketi za kweli, na Luvua ni mto unaoingia Lualaba pale Ankoro, maji yake yanashuka mpaka kwetu. Kayser alitaka roketi ya bei rahisi: mabomba yanayofanana, yamefungwa pamoja kama mzigo wa kuni, na vali za mafuta zinaendeshwa na mota za kufutia kioo za gari la Volkswagen. Ya kwanza iliruka tarehe 17 Mei 1977. Ile ya 5 Juni 1978, Mobutu mwenyewe akiangalia, ilishindwa ikaanguka. Mwaka 1979 kampuni ikaondolewa. Sasa fikiria mtu wa pori lile ameokota mota. Fundi yeyote angemwambia: hii ni ya kufutia kioo, ya Volkswagen. Angekuwa na haki kabisa kuhusu kipande, na asingejua kwamba ameshika roketi. Kwa hiyo ninaposema Kyushu ni kalamu, sisemi ni kalamu tu.

Kuna modeli za kuunga-unga ambazo hazinigusi. Mwaka 1997, kwenye "A Time to Stand" ya Deep Space Nine, walileta kundi zima la namna hiyo. Moja ina kichwa cha Voyager kwenye kiwiliwili cha chombo cha waasi wa Maquis, na inaonekana kama kichwa cha kuku kwenye ng'ombe. Kuitambua ni rahisi, na ukishaitambua hakuna kinachobaki. Kwa Wolf 359 kinabaki kitu, na kitu hicho ni Melbourne.

Katika sehemu ya kwanza ya hadithi, Riker, makamu wa nahodha wa Enterprise, anapewa Melbourne awe nahodha wake. Anasitasita, anabaki pale alipo. Kwa hiyo Shelby anapotaja jina la tatu, Riker anaangalia kaburi ambalo lingekuwa lake. Hakuna anayemwambia hivyo. Jonathan Frakes haongezi kitu usoni, na anafanya vizuri. Kwa mtazamaji, mzigo wote uko kwenye swali moja: kati ya vyuma vile, Melbourne ni ipi?

Kwenye kaburi la 1990 jibu ni modeli ndogo ya aina ya Nebula, ya majaribio, yenye sahani ya Enterprise na injini zimeshushwa chini yake. Lakini Januari 1993, "Emissary", filamu ya kwanza ya Deep Space Nine, ilitupeleka ndani ya vita vyenyewe, na hapo Melbourne ni aina ya Excelsior, chombo chenye umbo jingine kabisa. Sababu ninayoiona ni ya karakana: Excelsior ilijengwa kwa ajili ya filamu ya 1984, ni modeli kubwa inayovumilia kamera ya karibu, wakati kile kidogo kilitengenezwa kwa kuelea mbali gizani. Basi jina moja, maiti mbili. Wapenzi wametafuta njia zote: vilikuwa viwili vyenye jina moja, au kimoja kilibadilishwa jina, au kile kidogo kisihesabiwe tena.

Njia ya tatu ndiyo inayoniuma, na nitaeleza kwa nini.

Katika miaka ya vita, kamioni moja ilikutwa imeungua kwenye njia ya Kabambare. Mjomba alikuwa ametuma habari kwamba anapanda gari upande ule, na tulijua kamioni ambayo huwa anapanda. Watu waliopita pale kwa miguu walileta maelezo: sanduku la nyuma, mbao za kijani, maandishi ubavuni. Ilikuwa ndiyo. Wamama wakaanza kulia, mikeka ikatandikwa. Yaya hakusema neno, alichukua baiskeli akaenda. Alirudi siku ya tatu, midomo imekauka. Akasema sanduku ni lenyewe, shasi siyo. Sanduku lile mwenye gari alikuwa ameliuza, bolti zake yaya alizikaza kwa mkono wake. Aliyeungua pale ni mwingine.

Matanga yakasimamishwa. Baadaye mwenye gari mwenyewe alikuja akathibitisha: sanduku aliliuza kweli. Yaya alikuwa na haki kwa kila bolti. Mjomba hakurudi. Hatukujua alipanda kamioni gani, wala kama alipanda. Na mama, kwa sababu aliambiwa kwa ushahidi mzuri kwamba siyo yenyewe, mpaka leo hajakubali mkeka utandikwe tena. Yaya hajawahi kuzungumza habari hiyo mbele yake.

Kwa hiyo mtu anaponiletea picha safi ya 2013, ameweka mishale na vipimo, kunithibitishia kwamba kile chombo kidogo sicho Melbourne, namsikiliza kwa heshima, kwa sababu kazi ya macho ni kazi. Hata hivyo nabaki na kile kidogo. Ile Excelsior ya 1993 inakufa vizuri zaidi: karibu na kamera, moto mwingi. Lakini Riker hakuiona. Alichokiona kwenye skrini yake ni plastiki iliyogundishwa na mtu ambaye hakutegemea itambuliwe, na mbele ya hiyo ndipo alipolazimika kusimama. Ukikitoa pale kwa sababu kitabu kimepata shida ya hesabu, unamwacha amesimama mbele ya kitu bure. Mimi nakubali maiti mbili. Kuna nyumba nyingi huku ambazo zimeishi na hesabu mbaya kuliko hiyo.

Yaya sasa yuko Kindu, anafanya kazi ya kulehemu. Juzi ileile, rafiki yangu alipoondoka, nilimtumia picha ya Kyushu bila kumwambia ni nini. Akajibu kwa sauti, mashine zinalia nyuma yake. "Iyi ni kalamu. Bameipaka rangi tu." Kelele kidogo, mtu anaomba bisibisi, kisha yeye tena: "Na ile ya kando yake? Tuma ile, nione."