'Kufutwa kazi' si sawa na 'kupunguzwa kazini'

WANAHABARI wetu hutumia 'futwa kazi', 'simamishwa kazi' na 'punguzwa kazini' kana kwamba ni visawe. Si visawe hata kidogo.

'Kufuta' ni kuondoa alama kwa kupangusa, afanyavyo mwalimu ubaoni. Anayefutwa kazi ni kama aliyepanguswa jina kwenye orodha ya wafanyakazi. Taswira iyo hiyo imo katika nahau 'kupigwa kalamu'. Msomaji akikutana na maneno haya, swali lake la kwanza huwa: kwani alifanya nini? Aliiba? Alikuja kazini amelewa?

Hebu chukua mfano wa kichwa hiki cha habari: "Kiwanda chawafuta kazi wafanyakazi 200". Ukiisoma habari yenyewe, unapata kwamba mashine mpya zimeletwa na nafasi zao hazipo tena. Hawa hawakukosa. Wamepunguzwa. Sheria ya Ajira ya 2007 inawatenganisha wazi. Kifungu cha 44 kinahusu anayetimuliwa papo hapo kwa kosa kubwa. Kifungu cha 40 kinamhusu anayepunguzwa: apewe ilani ya angalau mwezi mmoja, na alipwe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumikia.

Sarufi nayo inatusaidia. Linganisha 'kazi yake imefutwa' na 'amefutwa kazi'. Katika sentensi ya kwanza, kilichoondolewa ni nafasi. Katika ya pili, ni mtu. Kiima kikibadilika, lawama nayo huhama.

Nahau 'kumwaga unga' ina mtego wake pia. Tukisema 'Juma amemwaga unga', anayemwaga ni Juma mwenyewe. Inamfaa aliyeponzwa na tabia yake. Aliyepunguzwa, unga wake umemwagwa na mwingine.

Naye aliyesimamishwa kazi bado ni mfanyakazi. Anasubiri uchunguzi ukamilike. Kuandika kwamba amefutwa ni kumhukumu kabla hajasikizwa.

Najua mhariri hupenda neno fupi litakaloenea kwenye kichwa cha habari. Lakini gazeti hutunzwa, na yule mama aliyepunguzwa kiwandani atatafuta kazi kwingine kesho. Mwajiri mpya akisoma kwamba 'alifutwa', nani atamweleza kwamba kosa lilikuwa la mwandishi?

Basi tuandike 'amepunguzwa kazini'. Ni silabi chache tu zaidi.