Mafiga Matatu ya Siku ya Mtoto

Mtoto wa miaka minne hana habari na tarehe. Mwambie leo ni tarehe kumi na mbili, atakutazama tu. Mwambie kesho ni siku ya kufua, atakwenda kutafuta soksi zake uvunguni. Mwambie tukilala mara mbili tutakwenda kanisani, ataanza kuulizia viatu. Dunia yake imejengwa kwa mambo yanayojirudia, na mzazi anayejua kuyapanga mambo hayo ana ufundi mkubwa usio na cheti wala posho. Ufundi huo ndio ninaotaka kuusifu: kuipanga siku ya watoto wadogo katika nyumba ya Kikristo, ikafika jioni wakiwa wamecheza, wamefanya kazi, wamesali, wala hakuna aliyehisi kwamba alikuwa darasani.

Kwetu Rungwe mvua ndiyo inayomtambulisha fundi. Tukuyu ni kati ya sehemu zinazopata mvua nyingi kabisa nchini, na ziko siku ambazo watoto hawatoki hata barazani. Nguo hazikauki, kuni zinatoa moshi, na nyumba yenye watoto watatu inasikika kama yenye kumi. Hapo utamjua aliyeipanga siku na anayesubiri iishe.

Wengi tunadhani kupanga ni kujaza. Tunabandika karatasi ukutani: saa mbili kuchora, saa tatu kuhesabu, saa nne hadithi ya Biblia. Jumanne mdogo anaamka na homa, Jumatano shangazi anaingia bila taarifa, Alhamisi karatasi imegeuzwa ndege ya kuchezea. Kina mama niliowaona wakiifanya kazi hii vizuri hawana karatasi. Wanasimika mafiga matatu, asubuhi, chakula na jioni, na hayo hawayasogezi. Kati yake moto uwake utakavyo, chungu hakipinduki.

Mpango huu ni wa zamani. Mwaka 1528 Martin Luther alizungukia sharika za Saksonia akakuta waumini wengi hawajui hata mambo ya msingi ya imani. Mwaka uliofuata akatoa Katekisimo Ndogo. Jirani zetu Walutheri wanaikumbuka kama kitabu cha kukariri kabla ya kipaimara, kumbe aliiandika ili mkuu wa nyumba awafundishe watu wa nyumbani kwake. Baada ya Amri, Imani na Sala ya Bwana, aliongeza sehemu fupi yenye sala za kuamka, za mezani na za kulala. Maelekezo yake ni ya mtu aliyeishi na watoto. Mwanawe Hans alikuwa anakaribia miaka mitatu. Ukisha kusali asubuhi, anasema, nenda kazini kwa furaha ukiimba. Ukisha kusali usiku, lala mara moja, tena kwa moyo mkunjufu. Hakuagiza mkesha.

Figa la asubuhi, basi, liwe fupi. Anayejua kazi hii huchagua wimbo mmoja, akauimba na watoto wiki nzima. Mtu mzima angechoshwa. Mtoto siku ya tatu ndiyo kwanza anaanza kuumiliki, na siku ya tano anakusahihisha. Sala nayo imalizike kabla subira ya mdogo kuliko wote haijaisha. Sisi Wamoravian tuna msaada mwingine: tangu 1731 Herrnhut, Ujerumani, kinatolewa kila mwaka kijitabu chenye neno la Biblia kwa kila siku, na leo kinasomwa kwa lugha nyingi duniani. Mstari mmoja kwa siku unatosha nyumba nzima. Mkubwa ataukariri wote, wa miaka mitatu atashika neno moja, labda “nuru” au “mchungaji”, atatembea nalo hadi jioni. Usimdai zaidi.

Figa la pili ni chakula, na hapa mila yetu imetutangulia. Mtoto wa miaka mitano anaweza kushika jagi na beseni akawanawisha watu mikono, akianza na mgeni, kisha bibi na babu, kisha wengine kwa kufuata umri. Akipiga goti mbele ya bibi yake na maji ya uvuguvugu, amejifunza nani aheshimiwe na aheshimiwe namna gani. Siku ukimsimulia kwamba Bwana Yesu mwenyewe alichukua beseni akawaosha wanafunzi wake miguu, hutahitaji kueleza mengi: atashangaa kwamba mkubwa ndiye aliyeshika beseni, na mshangao huo ndio somo lenyewe. Kushukuru mezani kuwe kwa zamu, na mwenye zamu asikatizwe hata akimshukuru Mungu kwa ajili ya mbuzi wa jirani.

Kati ya mafiga kuna saa nyingi, na ndizo zinazowatisha wazazi. Wa kumsikiliza hapa ni Jan Amos Comenius, askofu wa Umoja wa Ndugu, kanisa lililoanza 1457 ambalo ndilo chimbuko la Wamoravian waliofika Rungwe mwaka 1891. Comenius alijua nyumba kuvunjika: mwaka 1622 tauni ilimchukulia mke na watoto wawili. Akiwa mkimbizi Leszno, Poland, mwaka 1633 alichapisha kijitabu cha kuwaelekeza wazazi juu ya miaka sita ya kwanza ya mtoto. Shule ya kwanza, kwake, ni mapaja ya mama. Elimu ya viumbe inaanza na kujua maji ni nini, mvua, jiwe, mti. Jiografia inaanza na chumba anacholala mtoto, kisha nyumba, kisha njia na shamba. Hesabu inaanza na kingi na kichache. Aliona pia kwamba watoto wanapenda kuwa na shughuli daima, akataka wasizuiwe, bali wapewe vifaa vidogo vya kuigia kazi za wakubwa.

Mama wa Rungwe hahitaji kununua vifaa hivyo. Anayo maharage ya kuchambua: mekundu huku, ya njano kule, mawe na yaliyooza pembeni. Anavyo viazi vya kupanga kwa ukubwa, mayai ya kuokota na kuhesabu, unga uliobaki wa chapati ambao mdogo ataufinyanga mpaka uwe mweusi. Ufundi wake ni kumpa kila mtoto sehemu halisi ya kazi, ambayo isipofanyika itaonekana. Wa miaka mitatu agawe vijiko. Wa minne awape kuku pumba. Wa mitano ampelekee bibi chai, kikombe nusu ili asijiunguze. Ni kweli kazi itachelewa, na pumba nyingine zitaishia sakafuni. Lakini mtoto anayehitajika nyumbani hasumbui kama yule anayetafutiwa vya kumchezesha, na simu yenye katuni haina haja ya kupigiwa vita virefu mahali ambapo kuku wanasubiri.

Wiki nayo ina sura yake. Siku ya kufua, siku ya shamba, siku ya gulio, na Jumamosi ya kupiga pasi na kupaka viatu rangi. Jumamosi ikiandaliwa vizuri, Jumapili haianzi kwa makelele ya kutafuta tai na mkoba wa Biblia. Mwaka una sura pana zaidi, na kanisa limekwisha kutuchorea: Majilio, Krismasi, Kwaresima, Pasaka, Pentekoste. Kwa Majilio watoto wanaweza kukata nyota kwenye maboksi. Nyota ya Kimoravian yenyewe ilianza miaka ya 1830 katika shule ya Niesky, Ujerumani, kama zoezi la jometri. Kwa Pasaka kuna ibada ya alfajiri makaburini, desturi iliyoanza Herrnhut mwaka 1732. Mtoto aliyebebwa na blanketi gizani mpaka kwenye kaburi la babu yake, akasikia watu wakiimba ufufuo jua linapochomoza, amepokea jambo ambalo hakuna maelezo ya mezani yangelifikisha.

Mpango mzuri huacha nafasi tupu kwa makusudi, kwa sababu maisha yetu hayapigi hodi mapema. Mgeni akija, siku haijaharibika: mtoto atajifunza kuamkia, kutoa kiti, kumsindikiza mgeni hadi njiani. Msiba ukitokea kwa jirani, aone mama akifunga kanga na kubeba unga, na jioni amtaje mfiwa katika sala. Kinachoharibu siku ni mzazi kumkasirikia mgeni kwa ajili ya ratiba.

Nimesema sana juu ya kina mama, kwa kuwa ndio ninaowaona. Lakini Luther alipomwandikia mkuu wa nyumba alikuwa anamwambia baba. Wanaume wengi tunadhani sehemu yetu ni ada na mkate, kisha tunashangaa watoto wakinyamaza tukiingia. Kina mama wengi nao siku hizi hawashindi nyumbani: yuko wa sokoni, yuko wa ofisini, na watoto wanashinda na bibi au dada. Huyo anayeshinda nao aambiwe wimbo wa wiki ni upi na neno la siku ni lipi, maana ndiye aliyeshika mafiga mawili kati ya matatu, na heshima yake nyumbani ilingane na kazi hiyo.

Figa la tatu ndilo la wote. Jioni, vyombo vikiwa vimeoshwa, maswali matatu yanatosha: leo tunamshukuru Mungu kwa nini, nani anahitaji kuombwa msamaha, na tumwombee nani. Swali la katikati wazazi wasilikwepe. Baba aliyemfokea mwanawe mchana bila kosa amwombe radhi mbele ya wengine, kwa maneno machache. Heshima yake haitapungua, na watoto watajua kwamba toba si adhabu ya wadogo peke yao.

Kwa hiyo anayetaka kuanza asianze na yote. Aanze na jioni, maana ndiyo saa ambayo hata wazazi wanaofanya kazi mbali wanaweza kuwepo. Achague wimbo mmoja na maswali hayo matatu, ayashike mwezi mzima bila kuongeza kitu, hata siku ambazo mdogo analala katikati ya sala. Siku moja atachelewa kurudi, na watoto watakuwa wameanza bila yeye. Hapo asimike figa la pili.