Vishikwambi vya Tanga: tulipima nini hasa?

Mjadala wa teknolojia darasani ukianza, hasa kwenye makundi ya WhatsApp ya sisi wanafunzi wa elimu, lazima atokee mtu wa kuuliza: "Mbona Tanga walifanikiwa?" Basi hebu tuiangalie Tanga vizuri. Lile lilikuwa jaribio zuri kuliko wengi wanavyojua, ila jibu lake ni dogo kuliko linavyotangazwa.

Kwa ufupi, shindano la Global Learning XPRIZE lilizinduliwa mwaka 2014. Lilizitaka timu zitengeneze programu ambayo mtoto angejifunzia mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu, bila mwalimu. Timu tano zilifika fainali. Programu zao, kwa Kiswahili, ziliwekwa kwenye vishikwambi na kupelekwa kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji takriban 170 mkoani Tanga, pamoja na vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua. Miezi 15 baadaye watoto wakapimwa, na Mei 2019 onebillion ya London na Kitkit School wakagawana dola milioni 10.

Mwanzoni, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwishoni idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Wengi huishia hapo, wanapiga makofi.

Sasa isome upya. Kupungua kwa nusu maana yake ni kwamba baada ya miezi 15 na kifaa mkononi, karibu watoto wanne au watano kati ya kumi bado hawakuweza kusoma neno hata moja. Siyo kwamba jaribio lilishindwa, la hasha. Wengi wa watoto hao walisema hawajawahi kwenda shule, na kuanzia sifuri si mchezo. Lakini tusiigeuze nusu kuwa yote.

La pili ndilo kubwa zaidi. Waandaaji walifanya jambo la maana: waliweka vijiji vya kulinganishia visivyopewa vishikwambi, kwa sababu mtoto hukua, na wengine huanza shule katikati ya jaribio. Kwa hiyo swali walilojibu ni hili: je, kishikwambi ni bora kuliko kutokuwa nacho? Kwa mtoto asiye na shule kabisa, hilo ndilo swali sahihi. Mwalimu mkuu mwenye walimu sita na darasa la watoto tisini ana swali tofauti kabisa. Yeye anataka kujua kama fedha hiyo aitumie kununua vifaa, au vitabu na mafunzo ya walimu.

Swali lake liliulizwa Kisumu, chini ya mradi wa PRIMR. Shule zote za mradi zilipata vitabu vya wanafunzi, miongozo ya walimu na washauri wa kuwatembelea walimu darasani. Juu ya hapo, kundi moja liliongezewa vishikwambi vya washauri, jingine vya walimu, na jingine visomeo vya kielektroniki vya wanafunzi wenyewe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Makundi yote yaliwazidi wasio na mradi, lakini yenye vifaa hayakuuzidi kwa tofauti ya maana ule mpango wa kawaida wa vitabu na ushauri. Ukipiga hesabu ya gharama, mpango usio na vifaa ndio uliongoza.

Yaani kilichobeba mzigo kilikuwa vitabu na mtu wa kumsaidia mwalimu. Kenya ilipopanua kazi hiyo kupitia Tusome, kishikwambi kilibaki mikononi mwa mshauri, akikitumia kuandika anachokiona darasani na jinsi watoto wanavyosoma. Mimi naona huo ndio ubunifu, ingawa haupendezi kwenye picha.

Nikiri upendeleo wangu. Shule niliyosoma ilikuwa na chumba cha kompyuta kilichofunguliwa wageni walipokuja. Ufunguo ulikaa kwa mtu mmoja, na siku akisafiri, teknolojia nayo imesafiri. Kwa hiyo nikisikia "vifaa vimefika", nauliza kwanza nani ameshika ufunguo.

Sifa moja siwanyimi watu wa Tanga: programu za fainali ziliachwa wazi, yeyote anaweza kuzichukua na kuzirekebisha. Na Tanzania, vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu. Programu ipo, vifaa vipo, walimu wapo. Jaribio ambalo sijaliona ni la kulinganisha shule zenye programu hizo mkononi mwa mwalimu, shule zenye vitabu na mshauri tu, na shule zenye vyote viwili, kwa bajeti ileile. Anayehangaika na mada ya tasnifu, achukue hiyo.